Kamati Maalumu ya Kurejesha Joto

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mbele ya wananchi, watumishi na wawakilishi wa taasisi mbalimbali, kwamba kuanzia saa nne ya asubuhi hiyo jua limestaafishwa kwa manufaa ya umma. Hakuna shuka la mgonjwa yeyote wa Hospitali ya Makhenda litakalolitegemea tena. Watu walishangilia. Jua lenyewe lilikuwa kali kiasi kwamba waliokosa nafasi chini ya turubai walipiga makofi kwa kujipiga mapajani, maana mkono wa pili walikuwa wameukinga usoni.

Makhenda iko njia ya kwenda Ilongero, mahali ambapo upepo wa kiangazi hukausha suruali ya jinzi kabla mwenyewe hajamaliza kikombe cha chai. Lakini maendeleo hayachagui mahali pa kwenda. Wafadhili walikuwa wameleta mashine ya kukaushia nguo, kubwa kama ng'ombe aliyelala, nayo ilihitaji kuzinduliwa. Aliyekuja kuizindua ni Mheshimiwa Gerald, Mratibu wa Maboresho ya Ukanda. Cheo hicho hakuna aliyejua mipaka yake, na kwa sababu hiyo kila mtu alikiogopa.

Mheshimiwa alikata utepe. Akaingiza taulo moja ndani ya mashine, na lilipotoka akaliweka shavuni ili apigwe picha, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikia habari njema. Taulo lilikuwa la moto kwelikweli, hilo halina ubishi. Kisha, mkasi ukiwa bado mkononi, akazunguka nyuma ya jengo hadi kwenye banda la bati ambako Yunisi, mfuaji wa hospitali, alikuwa akianika mashuka miaka yote, masika na kiangazi. Akazikata kamba moja baada ya nyingine.

"Huu," alisema, akiinua kipande cha kamba, "ni umaskini uliotundikwa."

Banda likageuzwa kuwa maegesho ya gari lake, kwa siku atakazorudi.

Aliyepiga makofi kuliko wote ni Sixbert, katibu wa hospitali. Hakuwa mnafiki. Sixbert alikuwa mtu mzima mwenye shati lililonyooka na kalamu mbili mfukoni, na aliamini kutoka moyoni kwamba jambo lolote likipewa jina zuri na kuundiwa kamati, linatulia. Imani hiyo ilikuwa imempandisha kutoka karani wa mapokezi hadi ofisi yenye zulia. Kwa hiyo usiku huohuo hakulala vizuri kwa furaha, na asubuhi yake akaandika waraka wa kupiga marufuku kamba, miti, uzio wa minyaa, mawe na kitu kingine chochote kinachoweza kuanikiwa nguo ndani ya eneo la hospitali. Akaubandika kwenye mlango wa chumba cha kufulia, akarudi nyuma hatua chache kuutazama, akaridhika.

Shughuli rasmi ilianza Jumatatu. Yunisi alijaza mashuka ya wodi ya wazazi, akafunga mlango, akabonyeza. Mashine ikaunguruma na kuzunguka kwa heshima zote. Muda wake ulipokwisha ikalia mlio mzuri, na Yunisi akatoa mashuka yakiwa yameloa kama yalivyoingia, ila yamechoka.

Sixbert aliitwa. Akaingiza mkono ndani, akauzungusha humo, akautoa na kuupangusa kwa leso.

"Inazunguka," alisema.

"Hata mimi nikizungushwa nitazunguka, Katibu," alisema Yunisi, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. "Mimi nataka mashuka yakauke."

Hapo Sixbert aliona hatari ambayo Yunisi hakuiona. Mtu wa kawaida angesema mashine ni mbovu. Lakini kitu kilichozinduliwa na Mheshimiwa hakiwezi kuwa kibovu, kwa sababu ubovu ungebidi uwe ulikuwepo wakati Mheshimiwa amesimama mbele yake, na Mheshimiwa angeuona. Kwa hiyo kabla ya saa sita mchana Sixbert alikuwa ameunda Kamati Maalumu ya Kurejesha Joto, yeye akiwa mwenyekiti. Wajumbe walikuwa Sista Dorika wa wodi ya wazazi, mhasibu, na Yunisi kama mjumbe mwalikwa asiye na kura.

Kikao cha kwanza kilitafuta neno. Baada ya mjadala mrefu ilikubalika kwamba mashine "imesitisha joto kwa muda". Kisha wakapima utendaji wake. Sixbert alipendekeza asilimia hamsini, kwa kuwa mashine ina kazi mbili, kuzungusha na kupasha, na moja inafanyika. Mhasibu aliona hiyo ni kuionea. Alitaka sabini, akaeleza kwamba taa ya ndani inawaka na mlango unafunga vizuri sana. Sista Dorika aliuliza kama anaweza kuwalaza wazazi juu ya hiyo asilimia sabini. Swali lake lilipokelewa na kupangwa kwenye ajenda za kikao kijacho.

Ili isionekane kamati imekaa tu, walikwenda kuichunguza mashine wao wenyewe. Walihakikisha plagi iko ukutani. Walihakikisha swichi imewashwa. Waligundua kitufe cha kuzungusha chenye picha ndogo, upande mmoja kuna ua la barafu na upande wa pili kuna jua. Mhasibu aliona ajabu kwamba jua limestaafishwa lakini bado limechorwa kwenye mashine, na wakakubaliana kulinyamazia jambo hilo. Sixbert akazungusha kitufe kwa mkono wake hadi kwenye jua. Mashine ikazunguka. Baridi ileile.

Ndipo akaitwa Fundi Benjamin kutoka mjini. Alikuja kwa bodaboda, amekumbatia mfuko wa vifaa, na alianza kuongea kabla pikipiki haijasimama. Mjini alikuwa na sifa ya kufufua majokofu, na sifa hiyo aliieneza mwenyewe. Aliitazama mashine akasema ni umeme mdogo. Akapima, umeme ukawa mwingi. Akasema basi ni koili imekatika, ile inayopata moto. Akaifungua kwa nyuma, akapima koili kwa kipimo chake, koili nzima. Akasafisha chujio linalonasa nyuzinyuzi za nguo, likatoa manyoya ya kutosha kujaza mto. Bado baridi. Mwishowe, akiwa ameshasema karibu kila kitu kinachoweza kusemwa, mkono wake ukafika kwenye kidude kidogo cheupe kilichofungwa karibu na koili.

"Huyu hapa," alisema. "Fyuzi ya joto. Imekata."

Alimweleza Sixbert kwamba kidude hicho kazi yake ni kujitoa mhanga. Mashine ikipata joto kupita kiasi, chenyewe hukata ili jengo lisiungue. Sixbert aliuliza, kwa haki kabisa, nani aliyeiambia mashine ipate joto kupita kiasi. Benjamin alifikiri kidogo, akajibu kwamba fyuzi za siku hizi hazina nidhamu. Jibu hilo lilimridhisha Sixbert, maana hata watumishi wa siku hizi aliwaona hivyohivyo.

Fyuzi mpya ikafungwa. Joto likaja. Yunisi alipiga kigelegele kifupi, na Sixbert akaenda ofisini kuandaa taarifa ya mafanikio. Hajafika katikati ya sentensi ya kwanza, Yunisi akasimama mlangoni na shuka mkononi, maji yanadondoka kwenye zulia. Benjamin akafunga fyuzi nyingine. Ikapasha, ikakata. Nyingine tena, vivyo hivyo. Mwishowe fundi akasema mashine ina presha, na kwamba hali hiyo huwapata hata watu.

Siku hizo ndipo mvua zilipoanza.

Kama kuna mtu anadhani Singida haina mvua, hajalala Makhenda mwezi wa kwanza. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika mchana, ikarudi jioni. Mashuka hayakauki. Kamba hakuna, banda ni maegesho, na uzio wa minyaa una waraka. Sista Dorika alianza kutundika foronya kwenye madirisha na kwenye vichwa vya vitanda, na mlinzi alipotumwa kuziondoa alikuwa mwenyewe amejifunika shuka bichi mabegani. Wazazi walilala juu ya vitenge vyao. Asiye na kitenge cha ziada alilala juu ya unyevu, na watoto wachanga wakaanza kupiga chafya.

Sixbert alimpigia simu Mheshimiwa kumweleza, akichagua maneno kama mtu anayechagua mchele. Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yeye alizindua mashine ya moto, na kama sasa imepoa, basi imepoa mikononi mwao. Akaongeza kwamba Ijumaa atakuja na wafadhili. Watatoka Sekenke, ambako wana mradi na wachimbaji wadogo, na wakifika Makhenda wanataka kuona mashuka yakitoka yana moto. Akakata simu. Sixbert alibaki ameishika sikioni, akaendelea kusema "sawa, Mheshimiwa" kwa muda, kwa ajili ya karani aliyekuwa mlangoni.

Alipofika nyumbani siku hiyo alimkuta mkewe, Winfrida, anafunga mzigo. Binti yao wa kwanza, Eliana, ambaye alikuwa amekuja kwao kujifungua, ameanza kusikia uchungu wa kuja na kuondoka. Wanampeleka hospitali. Winfrida alikuwa anapakia vitenge, kanga, na blanketi la sufu lililotumwa na mama mkwe wa Eliana aliyeko Sepuka. Sixbert alimwambia asijisumbue na mizigo yote hiyo, hospitali ina mashuka. Winfrida alimtazama tu, akaongeza kanga mbili.

Siku iliyofuata Benjamin alirudi na fyuzi alizozipata kwa taabu. Akafunga moja. Mashine ikapata moto. Sixbert hakutaka tena kuandika taarifa mapema, ila alitaka angalau Mheshimiwa asikie mngurumo kwa masikio yake. Akatoka nje, upande wa barabarani ambako mtandao unashika vizuri, akaegemea ukuta wa jengo la kufulia, akabonyeza namba.

Simu haijaita vizuri, akahisi mgongo wake una joto.

Aligeuka. Alikuwa ameegemea jiwe la uzinduzi. Siku ya sherehe jiwe hilo lilikuwa limesimamishwa juu ya meza na kufunikwa pazia. Jioni, wageni walipoondoka, vijana wa Mheshimiwa walilipachika ukutani upande huu ili wapita njia walisome. Lilikuwa bamba la marumaru nyeusi, pana kama meza ya ofisini, lenye jina la Mheshimiwa kwa herufi za dhahabu na jina la hospitali chini yake kwa herufi za kawaida. Sasa marumaru ilikuwa inatoka jasho. Sixbert akaweka kiganja chake juu ya jina la Mheshimiwa. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Mashine ndani ikabadilisha sauti. Akamsikia Yunisi akisema, bila hasira, kwamba imekata tena.

Akasimama pale mvua inamnyeshea. Akakumbuka kumsikia kijana mmoja aliyepachika jiwe akifurahi kwamba wamekuta tundu tayari, limewaokolea kazi ya kutoboa. Akaingia ndani, akamwonyesha Benjamin bomba pana la bati linalotoka nyuma ya mashine na kuingia ukutani, akamuuliza ni la nini. Benjamin alisema ni la kutolea hewa ya moto na mvuke. Sixbert akauliza hewa hiyo inatokea wapi. Benjamin akasema inatokea nje, bila shaka. Sixbert akamshika mkono, akamtoa nje, akamsimamisha mbele ya jiwe.

Kwa mara ya kwanza tangu aje Makhenda, fundi alinyamaza.

Kwa hiyo joto halikuwa limesitishwa. Lilikuwepo siku zote, limezuiwa nyuma ya jina la Mheshimiwa. Linagonga, halifunguliwi, linarudi ndani, mashine inazidiwa, fyuzi inajitoa mhanga.

Kamati iliitishwa haraka. Sixbert alieleza alichokiona, na wajumbe wakatazama meza. Mhasibu alisema yeye ni mtu wa hesabu, mawe hayajui. Sista Dorika alisema jiwe ling'olewe. Mhasibu akamwomba afute neno "kung'oa". Benjamin, aliyealikwa kutoa utaalamu, alisema angeweza kutoboa tundu jingine, ila kushoto kuna nguzo ya zege na kulia kuna picha ya Mheshimiwa iliyochorwa ukutani. Hakuna aliyependa kuendelea na mjadala wa upande wa kulia.

Sixbert akapiga simu mbele yao, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. Alieleza kila kitu. Mheshimiwa akasema:

"Jiwe halitoki. Joto litafute njia nyingine."

Kikao kikabaki kinawaza namna ya kulifikishia joto maelekezo hayo. Sista Dorika akainuka akarudi wodini, maana mzazi mmoja alikuwa anaita. Mzazi huyo alikuwa Eliana.

Mtoto alizaliwa Ijumaa asubuhi, wa kike, mvua ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba sauti yake ya kwanza ilisikika kwa shida. Sixbert aliruhusiwa kuingia. Eliana alimwamkia, "Shikamoo, baba," kwa sauti ya uchovu, naye akaitikia marahaba akasimama akiwa hajui mikono aiweke wapi. Binti yake alikuwa amelala juu ya shuka bichi lililotandikiwa kanga, na kanga nayo ilishaanza kunyonya maji. Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya blanketi la Sepuka, na juu ya blanketi kitenge, na bado midomo yake midogo ilikuwa inatetemeka. Sixbert alimgusa mguu. Ulikuwa wa baridi kama kitasa cha mlango.

Hapo ndipo Winfrida alipozungumza. Alizungumza kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akiwa hana nafasi ya kubembeleza. Alisema ameambiwa mumewe amekaa na jiwe tangu jana wanatazamana. Alisema anaelewa kuwa jiwe lina jina. Kisha akauliza swali moja tu.

"Baba Eliana, hilo jiwe ni la kaburi la nani?"

Sixbert aligeuka. Alitoka wodini, akavuka uwanja katika mvua bila mwavuli, akaingia chumba cha kufulia, akafungua mfuko wa Benjamin na kutoa nyundo na tindo. Yunisi na Benjamin walimtazama. Maisha yake yote hakuwahi kuvunja kitu cha serikali, hata kikombe. Alipofika mbele ya jiwe alijikuta anasema "samahani" kwa sauti, akiyaambia yale maandishi, kisha akaweka tindo kwenye pembe ya marumaru na kuinua nyundo.

"Bwana Katibu, unafanya nini?"

Mheshimiwa alikuwa amesimama nyuma yake, lakini ilimchukua Sixbert muda kumtambua. Alikuwa amewatangulia wafadhili, na gari lake lilikuwa limezama kwenye tope karibu na daraja dogo. Mheshimiwa alikuwa ameshuka kuelekeza namna ya kulisukuma, akasimama mahali ambapo aliamini ni ardhi. Haikuwa ardhi, ulikuwa mtaro. Suti yake ya sufu ya rangi ya maziwa, aliyoivaa kwa ajili ya wafadhili, ilikuwa tope tupu kuanzia kola hadi soksi, na tai ilikuwa imeganda kifuani kama mjusi.

Sixbert aliitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Angeweza kusema alikuwa analisafisha jiwe. Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo mengi. Lakini kiganja chake bado kilikuwa na baridi ya ule mguu mdogo.

"Nalitoa jina lako, Mheshimiwa," alisema. "Joto limekosa njia nyingine."

Mheshimiwa alimweleza, kwa utulivu wa kutisha, mambo yatakayompata mtumishi wa umma anayegusa jiwe la uzinduzi. Akamwambia waonane baadaye. Kwa sasa alitaka suti yake ifuliwe na kukaushwa mara moja, kwani wafadhili walikuwa wameshapita Misigiri. Hakuwa na nguo nyingine.

Yunisi aliipokea suti, akaisuuza ikarudia rangi yake. Tatizo likawa Mheshimiwa avae nini. Kitu kikavu pekee hospitali nzima kilikuwa gauni la wazazi ambalo Sista Dorika alikuwa amelificha kabatini kwa ajili ya mzazi mwingine, gauni la maua ya waridi linalofungwa kwa nyuma, ambalo kamba za kufungia zilikuwa zimekatika siku nyingi. Mheshimiwa akalivaa. Akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, mkono mmoja ukishikilia gauni kwa nyuma, akamwamuru Benjamin awashe mashine.

Benjamin alimfungulia kiganja. Ndani kulikuwa na kidude kidogo cheupe. Akamweleza Mheshimiwa kwamba hiyo ndiyo fyuzi ya mwisho, nyingine hadi ziagizwe Arusha. Akiifunga na jiwe likiwa pale, mashine itapasha kidogo kisha itakata, na suti itabaki bichi. Jiwe likitoka, itakauka. Alisema maneno hayo machache, na akaishia hapo.

Mheshimiwa akatazama suti yake, inayodondosha maji kwenye beseni. Akaitupia jicho simu yake, maana ilikuwa inaita, nao walikuwa ni wafadhili wanauliza njia. Akauliza kama hakuna kamba mahali popote. Yunisi akamwonyesha waraka mlangoni. Mheshimiwa akausoma wote, hadi kwenye minyaa.

Akainuka, akatoka nje, akasimama mbele ya jiwe.

"Lete hiyo nyundo," alisema.

Sixbert, kwa nia njema kabisa, alimkumbusha kwamba utaratibu wa kuhamisha jiwe unataka kikao na idhini ya mwenye jina.

"Kikao kimekaa. Mwenye jina ni mimi."

Alijaribu kupiga kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika gauni, lakini tindo liliteleza. Ikaonekana wazi kwamba kazi hiyo inahitaji mikono miwili. Mheshimiwa akageuza shingo kidogo, bila kumtazama mtu usoni, akamwomba Katibu amsaidie. Basi Sixbert akasogea, akashika pande mbili za gauni la waridi na kuziunganisha, akageuzia uso wake barabarani kwa adabu. Hivyo ndivyo Mratibu wa Maboresho ya Ukanda alivyoling'oa jina lake mwenyewe, akipumua kwa nguvu, huku wapita njia wawili na mama mmoja mwenye ndoo ya alizeti kichwani wakisimama kumwangalia. Mama yule alimpa pole. Alidhani ni mgonjwa.

Marumaru ilidondoka matopeni kifudifudi. Kutoka kwenye tundu manyoya meupe ya nguo yakamwagika, mengi, yakamfunika Mheshimiwa ndevu na nyusi.

Ndani, Benjamin alifunga fyuzi. Yunisi akaingiza mashuka ya wodi ya wazazi, na kwa kuwa nafasi ilikuwa bado ipo, akaiweka suti humohumo. Aliuliza aweke joto gani. Alisema, kadiri anavyojua, sufu inataka la chini. Mheshimiwa, akiwa bado anajipangusa manyoya, alimjibu kwamba yeye hajawahi kuwa mtu wa joto la chini. Liwekwe la mwisho.

Tundu likaanza kupumua. Hewa ya moto ilitoka ukutani ikakata mvua, na Sixbert akaweka kiganja mbele yake, akakiacha hapo. Mashine ilizunguka, haikukata. Ilipolia, yeye ndiye aliyefungua mlango. Hakusubiri kitu kikunjwe. Alichukua shuka la kwanza lililomfikia mkononi, akalikumbatia ndani ya koti lake lisipate mvua, akavuka uwanja akikimbia, jambo ambalo hakuna mtumishi aliyewahi kumwona akilifanya.

Winfrida alilipokea. Aliligusa kwa shavu, akamfungua mjukuu vitenge vyote na kumfunga ndani ya lile shuka la moto. Mtoto alikunja uso kama anayetaka kulalamika. Kisha akaukunjua, midomo ikatulia, akalala. Eliana naye alifumba macho. Sixbert aliketi pembeni ya kitanda. Alijua kwamba huenda kesho hana kazi, akajipapasa kutafuta hofu yake ile ya siku zote, akaikuta ndogo kuliko alivyodhani.

Alitolewa hapo na honi. Wafadhili walikuwa wamefika.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, aliyejua Kiswahili vizuri na aliyependa kuuliza. Watumishi walijipanga barazani. Yunisi alisimama na mashuka yaliyokunjwa, yanatoa mvuke. Ndipo mlango wa chumba cha kufulia ukafunguliwa, na Mheshimiwa akatoka.

Suti ilikuwa imekauka, hilo halikuwa na shaka. Ilikuwa imekauka kuliko nguo yoyote iliyowahi kukauka katika ukanda wake. Mikono ya koti ilikuwa imeishia chini kidogo ya viwiko. Suruali ilikuwa imepanda hadi kwenye mashavu ya miguu na kukataa kushuka. Vifungo vilikuwa vinashikilia kwa kuhurumiana. Mheshimiwa alitembea kwa hatua fupi sana, kidevu juu, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Hakuna aliyecheka. Sista Dorika alianza kuhesabu mabati ya dari. Mhasibu alipatwa na kikohozi, akaomba ruhusa.

Mheshimiwa alihutubia kwa ufupi. Alisema mradi umefanikiwa, na kwamba mashine iko vizuri kabisa. Yule mama alimtazama kuanzia viwikoni, akashuka polepole hadi kwenye miguu, akarudi juu. Akauliza, kwa upole, kama wanaridhika na kiwango cha joto.

Mheshimiwa aliinua mkono ili ajibu. Kwapani kitu kikachanika, na sauti yake ilisikika baraza zima. Akaushusha mkono taratibu, akaubana ubavuni.

"Linatosha," alisema.